Nilimwambia bibi aache daftari nyumbani

Kuna bibi mmoja anakuja kliniki yangu ya presha na kisukari kila mwezi, nitamwita bibi tu maana jina lake halihusu humu na mambo mengine nimeyabadilisha kidogo asijulikane. Nilipohamia hospitali hii ya wilaya huku kusini mwa Tanzania mwaka 2017 nilimkuta ana daftari la kurasa mia, lile la kawaida la mwanafunzi, limevalishwa gazeti juu kisha nailoni, anakuja nalo limefungwa kwenye pindo la khanga pamoja na hela ya nauli. Ndani mlikuwa na maisha yake yote ya hospitali tangu 2012. Miandiko ya madaktari na matabibu sijui wangapi, mingine huwezi kuisoma hata ukiigeuza, mihuri ya zahanati ya kijijini kwao, vipimo vya sukari vimeandikwa pembeni, na kwenye jalada la ndani mtu wa kabla yangu, 2014, aliandika kwa kalamu nyekundu herufi kubwa ASIPEWE SEPTRIN WALA DAWA YOYOTE YA SALFA, akapigia mistari miwili. Kumbe aliwahi kupewa akatoka malengelenge mdomoni na kwenye ngozi, akalazwa.

Kama hujawahi kutibiwa hospitali zetu za wilaya labda hulijui hilo daftari. Faili la hospitali lipo lakini faili linapotea, chumba cha mafaili kimejaa mpaka mlangoni, karani anatafuta nusu saa anarudi anasema mama nunua tu daftari pale nje. Basi watu wakazoea, mgonjwa ndiye anabeba historia yake mwenyewe, akihama kijiji anahama nayo.

Mwaka 2021 na sisi tukawekewa mfumo wa kompyuta wa kutunza taarifa za wagonjwa. Kompyuta kila chumba cha OPD, yaani cha wagonjwa wa nje, maabara, famasia, dirisha la malipo, mafunzo siku mbili kwenye ukumbi, kila mtu akapewa jina la kuingilia na nywila yake. Sitaki kuficha, nilifurahi sana. Nilikuwa nimechoka kukimbizana na vikaratasi vya maabara vinavyodondoka mfukoni kwa mgonjwa, nimechoka kuandika mara dawa, mgonjwa anafika famasia anaambiwa haipo anarudi kupanga foleni upya ili nimbadilishie, sasa naiona hapo hapo kwenye skrini kwamba amoksilini imebaki kiasi gani. Bibi alipokuja kliniki ile wiki ya kwanza akafungua pindo akanitolea daftari kama siku zote, nikamwambia bibi sasa hivi pumzika kulibeba, kila kitu kipo humu kwenye kompyuta, daftari acha nyumbani. Akaniuliza, "Hata ile ya wino mwekundu, mwanangu?" Nikamwambia hata ile. Na kweli niliijaza mbele yake, sehemu ya mzio, nikaandika salfa. Nilikuwa na uhakika kabisa nimemrahisishia maisha.

Nitarudi kwa bibi, kwanza niseme mazuri kwa sababu kuna wenzangu wakikutana wanalalamika tu kuhusu mfumo utafikiri zamani tulikuwa peponi. Hatukuwa peponi. Alikuja kijana mmoja wa bodaboda, miaka thelathini na kitu, mafua na kichwa kinauma, mtu wa kuandikiwa panadoli dakika tatu akaenda. Nikafungua mahudhurio yake ya nyuma nikaona amekuja mara tano ndani ya mwaka mmoja na miezi, mara mgongo, mara mafua, mara alianguka na pikipiki, na kila alipokuja nesi pale mapokezi kampima presha na kila mara iko juu, 148 kwa 96, 152 kwa 98, 150 kwa 100, na kila mara daktari mwingine, na kila daktari peke yake alifikiri huyu ana maumivu ndo maana imepanda, atarudia. Mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wao, jina langu lipo pale. Lakini zikikaa mstari mmoja kwenye skrini huwezi kujidanganya. Tukapima mkojo una protini, tukapima kreatinini, kile kipimo cha damu cha figo, imeshaanza kupanda, tukamuanzishia dawa na tukamtuma kwa daktari wa figo mapema. Kwa karatasi nisingeliona hilo, vijana wa umri ule hata daftari hawatunzi, wanakuja na ukurasa umechanwa wananunua lingine. Hiyo siku niliitazama ile kompyuta kwa heshima kubwa kwa kweli.

Na mwisho wa mwezi pia. Anayefanya kazi kwenye vituo anajua habari ya vitabu vya MTUHA, vile vya takwimu za huduma za afya, yaani unahesabu vijistari kwa macho, malaria chini ya miaka mitano wangapi, nimonia wangapi, ukikosea mmoja unaanza upya, halafu mtu anaingiza yote kwenye DHIS2, mfumo wa takwimu za afya wa nchi nzima. Tuliambiwa mfumo utatoa hizo hesabu wenyewe. Bado hapa kwetu tunafanya vyote viwili, tunaingiza kwenye mfumo na tunaandika kitabu, kwa sababu mfumo ukilala ripoti haisubiri, kwa hiyo kazi haikupungua iliongezeka, ila angalau siku hizi tukitofautiana tuna pa kulinganishia.

Sasa ugumu wenyewe, na hapa nataka nikae kidogo.

Mgonjwa anaingia, shikamoo, marahaba, kaa hapa, na tayari mikono iko kwenye kibodi. Kabla hajamaliza kueleza nimeshafungua ukurasa wa malalamiko, ukurasa wa historia, wa uchunguzi, kila kimoja kina kitufe chake cha kuhifadhi, ukisahau kukibofya kile kidogo cha chini kule umepoteza ulichoandika. Siandiki haraka, kizazi chetu tumejifunza kuchapa kwenye simu kwa vidole gumba. Siku ya foleni nina watu hamsini au sitini, nje watoto wanalia, neti inazunguka, na mimi macho yangu yako kwenye kale kaduara. Nilichokuja kugundua ni kwamba zamani nilikuwa naandika huku namtazama mtu, kalamu inaenda yenyewe, unaona anavyopumua, unaona miguu imevimba kwenye kandambili, unaona anavyomuangalia mumewe kabla hajajibu. Vitu hivyo hakuna mahali pa kuvibofya na ukiangalia skrini vinakupita.

Wenzetu Marekani wamepita huku mapema na kwa hela nyingi kuliko sisi. Serikali yao ilipitisha sheria 2009 ya kuwalipa madaktari na hospitali waingie kwenye rekodi za kielektroniki, na ndani ya miaka michache karibu wote wakawa wameingia. Mwaka 2016 ukatoka utafiti kwenye jarida la Annals of Internal Medicine, watafiti walikaa na madaktari 57 wakiwapimia muda, wakakuta kwa kila saa moja daktari anayokaa na mgonjwa uso kwa uso karibu saa mbili zinaenda kwenye rekodi na kazi za mezani, na jioni wakirudi nyumbani wanaendelea tena saa moja au mbili. Niliusoma nikiwa zamu ya usiku nikasema hawa wana kompyuta mpya na umeme haukatiki na bado imekuwa hivi, sisi je.

Kuna jambo la kufunga mahudhurio ya mgonjwa kwenye mfumo pia. Mfumo wetu haukuruhusu umtume mtu famasia bila kuchagua ugonjwa kwenye orodha ya ICD-10, ile ya kimataifa inayompa kila ugonjwa alama yake. Mtu anakuja kichwa kinamuuma wiki mbili, halali, hali vizuri, mimi sijajua bado ana nini na kutojua ndiyo hali halisi kwa siku hiyo, lakini orodha inataka jibu sasa. Wengi wetu tukawa tunachagua kilicho karibu, B54 malaria isiyoainishwa, J06 maambukizi ya njia ya juu ya hewa, basi foleni isogee. Halafu mwisho wa mwezi tunashangaa wilaya yetu ina malaria nyingi kuliko vipimo vyenye majibu chanya. Zipo alama za R pale kwa ajili ya dalili tu, R51 ni kuumwa kichwa, hakuna aibu kuichagua, siku hizi nawasisitiza sana intani, madaktari walio kwenye mafunzo kazini, kwamba R51 ya kweli ni bora kuliko B54 ya uongo. Nawasisitiza pia wasinakili maelezo ya jana na kuyabandika leo. Nimewahi kukuta mgonjwa wodini siku ya nne "mapafu yako safi" na mimi nikiweka stetoskopu nasikia mlio upande wa kulia chini kabisa bila shida yoyote. Kwenye karatasi mvivu aliandika kifupi, ukaona ni kifupi ukajua hakupima. Kwenye kompyuta mvivu anaonekana ameandika ukurasa mzima.

Na alikuja mama mmoja, jicho limevimba, mkono hauinuki, anasema alianguka bafuni. Nikawa naandika. Akanyamaza muda afu akauliza, "Dokta, hayo unayoandika humo nani anayasoma?" Swali dogo tu lakini lilinishinda kulijibu. Zamani ningesema ni mimi na wewe, daftari hilo hapo utaondoka nalo. Sasa nikafikiria karani wa mapokezi ambaye ni jirani yao, famasia, dirisha la malipo, nikafikiria wale wenzetu wanaoachiana nywila wakitoka kwenda kula, yaani mtu anaingia kwa jina la mwenzake anafungua chochote anachotaka. Nikatoa mikono kwenye kibodi nikageuza kiti. Tukaongea kama dakika ishirini, foleni ilinuna, lakini ndo akasema ni nani aliyempiga, tukamuelekeza kwenye PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, na dawati la jinsia la polisi. Baadae peke yangu nikakaa natazama T74, ile ya ukatili, najiuliza niiweke au niandike tu majeraha. Ile ni haki yake kuandikwa ukweli, ndio ushahidi wake. Pia ni hatari kwake kama karani akiropoka. Nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na taarifa za afya ni katika zile nyeti kabisa, lakini sheria haikai pale chumba namba tatu, pale ninakaa mimi na kompyuta isiyojifunga yenyewe nikitoka. Niliiandika kwa ruhusa yake baada ya kumueleza nani anaweza kuona. Tangu hapo tumeomba sehemu ya maelezo nyeti ionekane kwa daktari anayemtibu tu, na kila mtu abaki na nywila yake. La nywila limekubalika. Lile lingine bado nafuatilia na sitaacha.

Turudi kwa bibi.

2023 bibi alienda Dar kwa binti yake, kukaa miezi miwili. Akiwa kule akapata maumivu ya kukojoa na homa, binti akampeleka kituo cha karibu. Kule nako wana kompyuta, nzuri tu kuliko zetu, mfumo mwingine. Wakamsajili upya, umri, mtaa, simu. Historia tupu. Wakamuuliza una mzio wa dawa yoyote, bibi akawajibu kwa imani yote kwamba mambo yake yote yapo kwenye kompyuta. Alikuwa anarudia maneno yangu. Kwake yeye kompyuta ni kompyuta, kama nilivyomwambia, sikumwambia kwamba ile yangu na ile ya kule hazijuani. Akaandikiwa septrin. Sitamlaumu aliyeandika, aliuliza na alijibiwa.

Alimeza asubuhi na jioni. Usiku midomo ikaanza kuwaka, asubuhi imevimba na mdomoni kuna vidonda, binti akakumbuka kuna dawa mama aliwahi kukatazwa ila hakumbuki ipi, akapiga simu nyumbani kijijini kwa kaka yake, kaka akasema daftari lipo, mtoto wake analo. Mjukuu alipewa lile daftari kwa sababu lilikuwa na kurasa tupu nyingi na dokta alisema halina kazi tena. Alikuwa anafanyia hesabu. Kaka akapiga picha jalada, wino mwekundu bado unasomeka, akaituma kwa WhatsApp, binti akaionesha kule hospitali, dawa ikasimamishwa hapo hapo, bibi akalazwa siku sita. Alipona. Mimi nilipata habari wiki mbili baadae binti aliponipigia, hakuwa na ukali hata kidogo, alikuwa ananishukuru kwamba mwaka ule daktari wa zamani aliandika kwa wino mwekundu.

Nilikaa na hiyo simu mkononi muda mrefu.

Taarifa yake ilikuwepo, niliijaza vizuri, na haikumsaidia, kwa sababu nilichukua kitu kilichokuwa chake nikakiweka kwenye kitu ambacho ni cha hospitali yetu. Daftari lilikuwa na ubaya wake wote, linalowa, linachanika, halina utaratibu, lakini lilikuwa linaenda anakoenda yeye. Hakuna aliyewahi kuomba neti ili alifungue. Na mtu yeyote mwenye bibi huyo mbele yake angeliona, Masasi, Dar au hata akiwa kwenye basi. Angalia akina mama wajawazito, tumeleta mfumo lakini kadi ya kliniki hakuna aliyethubutu kuwanyang'anya, mama anatembea nayo, uchungu ukimshika safarini mkunga wa popote anaisoma. Tulijua hilo kwa wajawazito, kwa wazee wa presha tukalisahau.

Na hawa waliotangulia hapa hapa jirani hawakufanya kama sisi. Kituo cha afya cha Mosoriot karibu na Eldoret, Kenya, walianza rekodi za kompyuta mwaka 2001, kazi ya Chuo Kikuu cha Moi na cha Indiana, na mgonjwa alikuwa anazunguka na fomu ya karatasi, daktari anaandika kwa kalamu, kisha karani anaingiza kwenye kompyuta. Kutoka kwenye kazi ile ndo ilikuja kuzaliwa OpenMRS, programu huria ya rekodi za wagonjwa, kuanzia 2004, ambayo leo iko nchi nyingi. Nikiisoma hiyo habari nilichopenda sio kompyuta, nilipenda ile karatasi inayotembea na mtu, na daktari ambaye hakugeuzwa kuwa karani. Najua kuajiri makarani ni hela, na najua kuingiza mara mbili kunaleta makosa. Lakini sisi tulimpa daktari kazi ya karani bila kumpunguzia hata mgonjwa mmoja, na hiyo nayo ni gharama, ila hailipwi dirishani.

Kwa hiyo mimi siku hizi naandika kote. Kwenye mfumo naandika kila kitu, siko tayari kurudi kwenye vikaratasi, yule kijana wa bodaboda leo presha yake imetulia na figo zinafuatiliwa. Halafu kila mgonjwa wa kliniki ya magonjwa ya kudumu namuandikia kwenye daftari lake mistari mitatu, kwa Kiswahili na kwa herufi za kusomeka: unaumwa nini, unakunywa nini na kiasi gani, na nini usipewe. Inachukua dakika moja hivi. Kwa watu hamsini ni karibu saa nzima, wenzangu wananiambia nachelewesha foleni na ni kweli nachelewesha. Nimeomba tupate printa ndogo kama ile ya resiti dirishani, itoe mistari hiyo hiyo mitatu, mgonjwa abandike mwenyewe. Kama unasoma hii na unatengeneza mifumo ya hospitali, nakuomba kitu kimoja, kabla hujaongeza dashibodi nyingine kwa ajili ya mkubwa njoo ukae chumba cha OPD Jumatatu asubuhi, kaa upande wa mgonjwa, hesabu ni mara ngapi daktari anakutazama. Na weka kitufe cha kumpa mtu historia yake aondoke nayo. Tunasikia mifumo ya nchi nzima itaunganishwa ianze kusomana, natamani sana siku hiyo na nitaipokea kwa mikono miwili, lakini bibi ana miaka sabini na tisa na kliniki yake ni kila mwezi.

Alirudi mwezi uliofuata baada ya Dar. Nilimuomba radhi, nikamwambia bibi mimi ndiye nilikuambia uliache, nilikosea. Akanitazama akasema, "Wewe si ulikuwa unanionea huruma kubeba, mwanangu." Akafungua pindo. Daftari lile lile, nailoni mpya, kurasa za katikati zimejaa hesabu za kugawanya na vema za mwalimu, chache zimechanwa. Akaliweka juu ya kibodi. Nikalifungua baada ya zoezi la mwisho la mjukuu, nikaandika tarehe.